Lori kuukuu la Kasongo: asiransi inalipwa, anayelindwa hajulikani

Kwenye barabara ya Kasongo kuelekea Kabambare, lori husikika kabla ya kuonekana. Injini inaguna kwenye mwinuko, gia zinakwaruzana, kisha linatokeza Fuso au Mercedes la miaka ya 1990, limejaa magunia ya mpunga, na juu ya magunia wamekaa watu kumi au kumi na watano, akina mama na watoto, kuku na madumu ya mawese. Likifika kwenye kizuizi, mazungumzo ni yaleyale. "Papa, asiransi iko wapi?" Dereva anatoa karatasi iliyokunjwa mara nne, pengine imekwisha muda, anaiwekea noti chache za faranga, na kamba inashushwa.

Hakuna aliyeisoma karatasi hiyo. Mwenye lori hakuisoma kwa sababu imeandikwa kwa Kifaransa cha mahakamani na kwa herufi ndogo. Askari hakuisoma kwa sababu anatafuta tarehe tu, na akiikuta imepita anafurahi zaidi. Waliokaa juu ya magunia hawajui hata kama ipo. Ndivyo asiransi ya lori ilivyogeuka kusini mwa Maniema: imekuwa ushuru wa kupitia njiani, wakati sheria iliiweka kwa ajili ya siku ile breki zinapokataa mteremkoni.

Wanaomiliki malori haya si matajiri wa usafirishaji. Makampuni makubwa hayana hamu na njia hizi. Mwenye lori wa Kasongo mara nyingi ni mkulima mwenye shamba la mpunga na karanga, au mfanyabiashara aliyeuza ng'ombe na kiwanja, au ndugu watatu waliochangishana kupitia likelemba kwa miaka kadhaa. Lori limenunuliwa mkononi, Bukavu, Uvira au Lubumbashi, likiwa limekwisha kufanya kazi ya mtu mwingine kwa muda mrefu. Linabeba mavuno ya nyumbani, linabeba ya jirani, na kiangazi, kuanzia Juni hadi Agosti, njia inapokauka, linajaribu safari ya Kindu, karibu kilomita 240, au ya Salamabila kwenye soko la wachimba dhahabu. Mvua ikianza linalala chini ya mwembe.

Kwa mtu wa namna hiyo, swali la bima haliko mbali na swali la chakula. Ada ya mwaka mzima ni fedha ya matairi mawili. Akilipa ada, matairi yanabaki vipara. Akinunua matairi, askari wanamla njiani. Wengi wanachagua njia ya tatu, yaani kununua bima ya bei ya chini kabisa, wakisema uongo kidogo kuhusu kazi ya lori, na kumwachia Mungu yaliyobaki. Uongo huo mdogo ndio unaowafilisi.

Sheria yenyewe ni ya zamani. Tangu Januari 5, 1973, sheria namba 73-013 inamlazimisha kila mwenye chombo cha moto kuwa na bima ya madhara atakayowasababishia watu wengine. Wakati huo kulikuwa na mlango mmoja tu wa kugonga: SONAS, shirika la serikali lililoundwa mwaka 1966 na kupewa ukiritimba wa bima nchi nzima. Ukiritimba huo ulidumu karibu nusu karne. Watu walilipa kwa sababu hapakuwa na pengine pa kwenda, na malalamiko kwamba fidia zinachelewa au hazifiki yalikuwa miongoni mwa sababu zilizolifanya Bunge lipitishe Kanuni mpya ya Bima, sheria namba 15/005 ya Machi 17, 2015. Soko likafunguliwa. Ikaundwa mamlaka ya usimamizi, ARCA, na mwaka 2019 makampuni binafsi ya kwanza yakapata vibali.

Kinshasa na Lubumbashi mabadiliko hayo yalionekana mara moja, kwa matangazo, ofisi zenye viyoyozi na ushindani wa bei. Kasongo yamefika kama fununu. Kampuni inayofuata faida huanza na migodi ya shaba, mabenki na magari mapya ya mashirika. Fuso lenye umri wa miaka 30, kwenye njia ambayo madaraja yake ni magogo, si mteja anayegombaniwa. Kwa hiyo mwenye lori wa Kabambare amepata uhuru wa kuchagua katika maandishi, lakini miguuni pake bado anatafuta mlango mmoja, mara nyingi Kindu au mbali zaidi, au anamtumia mtu nauli amletee karatasi. Na karatasi iliyoletwa na mtu haina maelezo yoyote.

Basi karatasi hiyo inafunika nini? Bima ya lazima ni bima ya dhima. Lori likimgonga mtembea kwa miguu, likivunja ukuta wa nyumba, likimwangusha mwendesha pikipiki, bima ndiyo inayopaswa kulipa badala ya mwenye lori. Haitengenezi lori lenyewe. Hailipi mpunga uliomwagika mtoni. Madereva wa Tanzania wameipa jina zuri, bima ndogo, kuitofautisha na bima kubwa inayolipa hata gari la mwenyewe. Wengi Kasongo wanaamini kwamba wamenunua ile kubwa kwa bei ya ile ndogo. Wanagundua baadaye.

Na bila bima, nani analipa? Kitabu cha tatu cha Sheria ya Madai, kilichorithiwa tangu dikri ya Julai 30, 1888, kinajibu katika vifungu viwili ambavyo kila mwenye lori angepaswa kuvijua kama anavyojua namba ya plaki yake. Kifungu cha 258 kinasema anayemdhuru mwingine kwa kosa lake lazima afidie. Kifungu cha 260 kinaongeza kwamba mtu anawajibika pia kwa madhara ya wale anaowasimamia na ya vitu vilivyo chini ya uangalizi wake. Kwa maneno ya sokoni: dereva akiua ukiwa umelala nyumbani, deni ni lako.

Deni hilo halisubiri mahakama. Lori linapomkanyaga mtoto kijijini, dereva hukimbia kuelekea kituo cha polisi, kwa sababu akibaki anaweza kuuawa. Lori linazuiwa. Mwenye mali anaitwa, anakuja na mzee wa ukoo na kiongozi wa msikiti au wa kanisa. Kwanza kuna sanda au jeneza, kuna chakula cha kilio, kuna gharama za kuusafirisha mwili. Kisha kuna kikao mbele ya chifu, ambako familia ya marehemu inataja kiasi na familia ya mwenye lori inaomba kipungue. Halafu kuna faili la polisi, na faili nalo lina gharama zake. Wiki tatu baadaye mwenye lori ameuza mbuzi, ameuza mchele wa mbegu, ameanza kutafuta mnunuzi wa lori lenyewe huku likiwa bado limefungiwa uani. Familia ya marehemu nayo imepata sehemu ndogo tu ya ilichoahidiwa. Pande zote mbili zinabaki maskini, na katika mji ambao watu wanaoana na kuzikana, zinabaki pia na kinyongo.

Kuna ajali ambazo hakuna ukoo wala chifu anayeweza kuzibeba. Usiku wa Julai 2, 2010, lori la mafuta lilipinduka Sange, katika wilaya ya Uvira, kwenye barabara ambayo malori mengi yaendayo Maniema yameipita wakati fulani. Watu walikusanyika, moto ukawaka, zaidi ya watu 230 wakafa. Oktoba 2018, huko Mbuba katika Kongo ya Kati, lori la mafuta liligongana na gari jingine, na watu wasiopungua 50 wakapoteza maisha. Hayo yalikuwa malori ya biashara kubwa. Lakini lori la mkulima linalobeba madumu ya petroli ya jenereta chini ya magunia, na watu juu yake, ni hatari ya aina ileile kwa kipimo kidogo.

Sasa turudi kwenye ule uongo mdogo. Kila mkataba wa bima ya gari huuliza gari linafanya kazi gani. Kubeba mali ya mwenyewe ni kitu kimoja. Kubeba mali ya watu kwa malipo ni kitu kingine, na ada yake ni kubwa zaidi, kwa sababu lori la kukodishwa linatembea zaidi na kujazwa zaidi. Mwenye lori wa Kasongo anaandika "mali ya mwenyewe". Siku ya kwanza ni kweli. Wiki ya pili jirani anaomba magunia yake ishirini yapandishwe, na analipa. Mwezi wa pili lori limekuwa la kukodi bila mtu yeyote kwenda kubadilisha mkataba.

Kanuni ya bima inayofuatwa katika nchi nyingi zenye sheria ya asili ya Kifaransa na Kibelgiji ni kali hapa. Aliyedanganya kwa makusudi anaweza kuambiwa mkataba wake ni batili, kana kwamba haukuwahi kuwepo, na ada aliyolipa haimrudii. Aliyekosea bila nia mbaya anapunguziwa fidia kulingana na pengo la ada. Kwa mfano tu: ikiwa alilipa dola 300 na kwa kazi halisi ya lori angelipa 600, hasara ya dola 8,000 itahesabiwa kuwa 4,000. Nusu inayobaki inatoka kwenye shamba lake. Na hata pale kampuni inapomlipa kwanza mtu aliyeumizwa, kama inavyofanyika katika nchi nyingi ili mwathirika asiteseke, inaweza kumgeukia mwenye lori na kumdai.

Jambo la abiria ni baya zaidi, na ndilo linalozungumzwa kidogo kuliko yote. Mikataba ya kawaida ya lori la mizigo haiwahesabu watu waliokaa juu ya shehena. Hao wamepanda mahali ambapo hapakujengwa kwa ajili ya watu. Lori likilala ubavu kwenye tope, mpita njia aliyekuwa kando ya barabara anaweza kudai, lakini mama aliyelipa nauli ya kukaa juu ya magunia anaweza kuambiwa hana haki yoyote katika karatasi ile. Yeye ndiye aliyekuwa kwenye hatari kubwa kuliko wote, na nauli yake ndiyo iliyonunua dizeli.

Ni rahisi kusema watu wasipande. Nani atawabeba? Basi halifiki Kabambare. Reli ya SNCC inapita ng'ambo ya Lualaba, na treni yenyewe si ya kutegemea. Pikipiki ni ghali kwa mgonjwa na mzigo wake, na mwenye baiskeli anasukuma siku kadhaa. Lori la mpunga ndilo basi la kusini mwa Maniema, kila afisa anajua hivyo, kila afisa amewahi kulipanda. Sheria inayojifanya haioni abiria hao haiwalindi. Ingekuwa busara zaidi kukubali kwamba wapo, kuweka idadi ya mwisho, kudai benchi na kingo za chuma nyuma ya kabini, na kuuza kifuniko cha abiria kwa ada ndogo juu ya ile ya kawaida. Watakaosema hilo ni kuhalalisha hatari wana hoja. Lakini hatari tayari ipo, na kinachokosekana ni mtu wa kulipa hospitali.

Vipi kuhusu lori lenyewe? Hapa wenye malori wanapaswa kuambiwa ukweli ambao wauza bima hawapendi kuusema: kwa chuma cha miaka 30, bima kubwa haifai, hata ikipatikana. Kampuni hulipa thamani ya gari siku ya ajali, hailipi bei ya siku ya kununua. Lori lililonunuliwa, tuseme, kwa dola 15,000, likafungwa springi mpya na kuchomelewa upya, machoni pa mtaalamu wa bima linaweza kuwa la dola 6,000, na juu ya hizo kuna kiasi ambacho mwenyewe lazima akibebe kwanza. Ada ya miaka michache inameza fidia yote. Ni afadhali fedha hiyo iende kwenye breki, usukani na matairi ya mbele, na bima ibaki ya watu.

Na kuna sababu nyingine. Kabambare ni wilaya ambako kwa miaka mingi watu wenye silaha wamekuwa wakisimamisha malori. Malori ya kuelekea mgodi wa Namoya, Salamabila, yalishambuliwa mara kadhaa katika miaka ya mgogoro kati ya mgodi na wenyeji. Mikataba ya kawaida ya bima huondoa vita, uasi na ghasia. Lori likichomwa na waasi, mwenye bima kubwa na asiye na bima wanarudi nyumbani kwa miguu pamoja. Tangu Bukavu ilipoangukia mikononi mwa M23 Februari 2025, njia za bidhaa za kuja Maniema zimevurugika, na hatari hiyo imeongezeka bila mkataba wowote kubadilika.

Karatasi nyingine inayosahaulika ni karte roze. Lori lililopita mikononi mwa watu wanne mara nyingi bado lina jina la mwenye kwanza, ambaye huenda amekufa au amehamia Zambia. Bima inaandikwa kwa jina moja, lori lina jina jingine, dereva ana leseni ya gari dogo. Kila pengo kati ya karatasi hizo ni sababu halali ya kampuni kukataa kulipa. Kubadilisha jina kunagharimu, safari ya kwenda kulibadilisha inagharimu zaidi, lakini bila hilo ada ya bima ni sadaka. Kwa anayevuka kwenda Burundi au Tanzania kuna pia Kadi ya Njano ya COMESA, ambayo bila hiyo mkataba wa Kongo unaishia mpakani.

Wapo wanaosema haya yote ni kelele za watu wa mjini. Hoja yao inastahili kusikilizwa. Mwenye lori analipa vinyeti, analipa ukaguzi wa kiufundi, analipa FONER kwenye kila lita ya mafuta kwa ajili ya barabara asiyoiona, analipa wilaya, analipa sekta, analipa kamba ya askari na kamba ya asiye askari. Mwaka 2017 watafiti wa taasisi ya IPIS ya Ubelgiji walihesabu vizuizi 798 katika Kivu ya Kaskazini na ya Kusini peke yake, na hakuna dereva wa Maniema atakayesema kwake hali ni tofauti sana. Mtu aliyelipa mara ishirini bila kupata kitu ana haki ya kudhani kwamba malipo ya ishirini na moja ni wizi mwingine. Barabara ikiwa mbovu namna ile, wanauliza, ajali ni kosa la nani?

Swali ni zuri, lakini halimsaidii yatima. Kifungu cha 260 hakimtaji mhandisi wa barabara. Kinamtaja mwenye kitu. Na tofauti kati ya bima na kamba ya njiani ni kwamba fedha ya kamba haina risiti wala mahali pa kwenda kuidai, wakati mkataba wa bima, ukiwa umeandikwa sawasawa, unamfunga aliyeuchukua. Kosa la serikali na la makampuni ni kuviuza vitu hivyo viwili vikiwa na sura moja.

Jirani wana mafunzo, mazuri na mabaya. Tanzania imeweka mfumo wa TIRA-MIS ambamo mtu yeyote anaweza kuingiza namba ya gari na kuona kama bima yake ni hai, hivyo karatasi ya kughushi haifiki mbali. Kenya, katika sheria yake ya bima ya lazima, Sura ya 405, imeweka kikomo cha shilingi milioni 3 kwa mtu mmoja, kiasi ambacho familia inaweza kukiona. Uganda ni onyo: sheria ya mwaka 1989 ilimwekea mwathirika mmoja kikomo cha shilingi milioni 1, na kadiri miaka ilivyopita kiasi hicho kikawa hakitoshi hata matibabu ya mguu uliovunjika. Watu wa Kampala wanaibandika kwenye kioo kama watu wa Kasongo wanavyoikunja mfukoni.

Mfano unaofanana zaidi na hali ya mkulima wa Maniema uko mbali zaidi, kwenye vijiji vya Ufaransa vya zamani. Makampuni makubwa hayakutaka kuwawekea bima wakulima wadogo dhidi ya moto na vifo vya mifugo, kwa hiyo wakulima walianzisha vyama vyao vya kijiji, kila mmoja akichangia na wote wakijuana. Sheria ya Julai 4, 1900 iliwarahisishia, na kutoka kwenye vijichama hivyo likakua kundi la bima linaloitwa leo Groupama. Walianza na watu wachache waliojua nani ana ghala la nyasi kavu na nani ni mlevi. Kasongo wanajua vilevile dereva gani hafungi breki na lori gani limechomelewa chasisi mara tatu. Likelemba imewafundisha kuchangishana. Kinachokosekana ni chama cha wenye malori ya shamba kwenda mbele ya SONAS au kampuni nyingine kikiwa na magari thelathini kwa pamoja, kikadai mkataba mmoja wa kundi.

Mkataba huo ungepaswa kufuata kalenda ya mpunga. Lori linalolala miezi mitano ya mvua halina sababu ya kulipa sawa na lori la Lubumbashi linalokwenda Kasumbalesa kila wiki. Ada ya msimu wa kiangazi, ilipwe kwa M-Pesa au Airtel Money kwa mafungu, iruhusu kubeba mavuno ya majirani ndani ya Kasongo, Kabambare na Kibombo bila kulazimisha uongo, iwe na kifuniko cha abiria wenye idadi maalumu, na iambatane na ukaguzi wa fundi ambaye kweli ameingia chini ya lori. Cheti cha ukaguzi kinachoandikwa juu ya meza, lori likiwa bado barabarani, kinamdhuru hata muuza bima. Na maelezo ya mkataba yaandikwe kwa Kiswahili, lugha ambayo Kasongo imeitumia kufanya biashara tangu enzi za misafara ya Tippu Tip. Ukurasa mmoja unatosha: kinacholipwa, kisicholipwa, siku ngapi za kutoa taarifa baada ya ajali, na namba ya simu.

ARCA ina mamlaka ya kudai sehemu kubwa ya haya kwa waraka mmoja. Serikali ya mkoa, Kindu, haihitaji sheria mpya kuwaagiza polisi wa barabarani wakubali uthibitisho wa bima kwa simu, na kuondoa kisingizio cha karatasi iliyolowa mvua. Kama SONAS inataka kubaki na wateja wa Maniema kabla washindani hawajagundua kwamba wapo, mahali pa kuanzia ni sokoni Kasongo mwezi wa Mei, kabla lori la kwanza halijaondoka.

Kwa anayekwenda kulipa kabla ya kiangazi hiki, kuna maswali manne ya kumuuliza mwenye kuuza, na majibu yaandikwe mbele ya saini: Nikibeba gunia la jirani kwa malipo, mkataba unabaki hai? Mtu aliye nyuma ya lori akiumia, nani analipa? Karte roze isiyo na jina langu inakubalika? Na ajali ikitokea Kabambare, kilomita nyingi kutoka kwenye mtandao wa simu, nina siku ngapi za kuleta taarifa? Muuzaji asiyeweza kujibu hata moja anauza karatasi ya kizuizini, na hiyo inapatikana kwa bei nafuu zaidi kwa askari mwenyewe.